Aige Mkono, Asiige Picha: Kumfundisha Mtoto Kuchora kwa Kazi za Mafundi

Mtoto wa miaka saba aliitazama picha ya wimbi kubwa la Hokusai, mchoraji wa Japani, akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza: "Mwalimu, hawa walio ndani ya mashua watafika?" Wenzake walikuwa wameliona wimbi tu. Yeye aliwaona watu, wameinama juu ya makasia, wamejikunyata. Tulikuwa barazani kwangu Kibokoni, Jumamosi baada ya Alasiri, watoto tisa, na hakuna aliyekuwa ameshika penseli. Nilijua siku hiyo somo litakwenda vyema. Mtoto anayeuliza swali kama lile ameshaanza kutazama, na kuchora huanzia hapo.

Mwongozo huu nimemwandikia mzazi, shangazi, mwalimu, yeyote wa hapa Mombasa mwenye watoto watatu wanne, mkeka, na saa moja na nusu. Si lazima uwe unajua kuchora. Mimi nilifundishwa vibaya: shuleni kwetu mwalimu alichora kikombe ubaoni, sote tukakinakili, na ambaye kikombe chake hakikufanana na cha ubaoni alikatwa alama. Nikamaliza shule ninajua kuchora kikombe kimoja, tena cha mtu mwingine. Nikuombalo ni jambo jengine kabisa. Mtoto atazame kazi ya fundi mkubwa, achukue kwake jambo moja la mkono (namna ya kuupinda mstari, ya kupanga rangi, ya kukata karatasi), kisha alipeleke kwenye kitu anachokijua yeye mwenyewe.

Wapo wanaopinga kunakili kwa namna yoyote ile. Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Tanzania na kuwa mmoja wa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi miaka ya 1960, alisema kunakili ni kumlaza Mungu usingizi. Namheshimu sana, na kwa habari ya kikombe cha ubaoni nakubaliana naye moja kwa moja. Lakini Vincent van Gogh mwenyewe, yule mchoraji Mholanzi, alinakili kwa rangi za mafuta picha mbili za Hiroshige wa Japani mwaka 1887. Baadaye, akiwa amelazwa hospitalini Saint-Rémy, Ufaransa, alizipaka upya kazi za Millet, mchoraji Mfaransa, kutoka kwenye nakala zisizokuwa na rangi. Michoro ilikuwa ya Millet, rangi akazitoa kichwani mwake. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Tanzania, aliwafundisha jamaa zake Dar es Salaam kwa kuwakalisha karibu naye wakamwona anavyofanya. Na fundi wa nakshi hapa kwetu hakumfundisha mwanagenzi kwa maneno mengi. Alimpa patasi na ubao wa kuharibu.

Huo ubao wa kuharibu uushike akilini, tutaurudia.

Matayarisho

Chagua picha moja. Moja tu kwa siku, na ndani yake jambo moja la kujifunza. Ukimletea mtoto picha tano atazipenda zote na hataiona hata moja. Nenda saiba ukaichapishe kwa rangi, ukubwa wa A3 ikiwezekana. Ikiwa ni A4, basi nakala moja kwa watoto wawili. Simu usiitegemee. Kila mtoto huivuta picha upande wake, mmoja anakuza, mwengine anasogeza, mwisho hakuna wawili wanaotazama kitu kimoja.

Vifaa havigharimu kama watu wanavyodhani. Omba kwa wenye mashine za fotokopi karatasi zilizoharibika upande mmoja. Hizo ndizo za mazoezi. Nunua manila chache kwa kazi ya mwisho, uzikate nne nne. Penseli iwe laini, 2B au 4B, maana penseli ngumu humfanya mtoto akandamize mpaka karatasi itoboke. Krayoni, rangi za maji au za poda, brashi mbili (nene na nyembamba), makopo ya maji, kitambaa kikuukuu. Na mawe manne kwa kila mtoto. Kusi ikianza kuvuma, karatasi barazani hazikai, na nimewahi kuwafukuzia watoto kazi zao hadi mwisho wa kichochoro.

Wakati upange kwa kufuata chuo cha watoto. Wengi wana madrasa asubuhi ya Jumamosi na Jumapili, na ukiwaita saa hiyo utawapata wachovu au hutawapata. Baada ya Alasiri mwanga huwa umelainika na vivuli vimerefuka, jambo ambalo lenyewe ni somo.

Jambo jengine: waulize wazazi mapema kuhusu picha za viumbe. Zipo nyumba hapa ambazo hazipendi mtoto achore watu wala wanyama, na si kazi yako kubishana nazo. Mawimbi, mvua, majani, nakshi za milango, pindo za leso, haya yanatosha kwa mwaka mzima wa masomo, na mtoto hatakosa mbinu hata moja kwa kukosa kuchora simba.

Hatua zenyewe

Hatua ya kwanza ni kutazama, mikono ikiwa mapajani. Dakika kumi kwa watoto wakubwa, tano kwa wadogo. Usianze kwa kusimulia maisha ya mchoraji. Habari ya Van Gogh kujikata sikio ikishatajwa, watoto hawasikii kitu chengine tena siku hiyo. Anza kwa maswali mepesi yasiyo na jibu la kukosea: Jicho lako lilikwenda wapi kwanza? Kisha likaenda wapi? Wapi kuna giza kuliko pote? Upepo unatoka upande gani? Akikujibu "sijui", mwambie anyooshe kidole tu. Halafu geuza picha, kichwa chini miguu juu, uwaulize wanaona nini sasa. Ikipinduliwa huwa si mlima wala mashua tena, ni mistari na mabaka, na mtoto hupata kuyaona maumbo yenyewe badala ya majina yake.

Hatua ya pili, itafuteni njia ya mkono. Kila mtoto anyooshe kidole na kuufuata mstari wa picha hewani: ulianzia wapi, ulipinda wapi, uliishia polepole au kwa kukatika. Wasimame, watumie bega zima. Ukiwa karibu na pwani, chukua kijiti mchore kwenye mchanga uliolowa, maji yatafuta na mtachora tena. Hatua hii walimu wengi huiruka wakiiona kama mchezo. Kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kuliko zote, kwa kuwa mkono hujifunza kabla akili haijaanza kuogopa.

Ya tatu ni ubao wa kuharibu, yaani zile karatasi za fotokopi. Mtoto afanye jambo lile moja mara nyingi, haraka, bila kufuta. Mistari ishirini ya kupinda. Nukta mia. Raba uzifiche kabisa. Hakuna karatasi ya hatua hii itakayosifiwa wala kubandikwa, na waambie hivyo waziwazi, utaona mabega yao yanavyoshuka.

Ya nne: dirisha. Kata tundu la mraba, sentimita 5 kwa 5, katikati ya kipande cha kadibodi. Mtoto alitembeze juu ya picha mpaka apate mahali panapompendeza, halafu anakili kile tu kinachoonekana tunduni, akikikuza kijae karatasi. Hapa ndipo kunakili kunaporuhusiwa. Kipande kidogo hakimtishi mtoto, tena humlazimisha aone jinsi fundi alivyofanya: kumbe bahari hii ni mistari, kumbe mbingu hii si buluu tupu.

Ya tano, ondoa picha. Ifunike au ibebe uende nayo ndani. Sasa mtoto achore kitu cha kwao kwa mkono ule aliojifunza. Watakulalamikia kidogo mara ya kwanza. Kaza.

Mwisho mzungumze. Kila mtoto aonyeshe sehemu moja ya kazi yake ambapo mkono wa fundi umeingia, na sehemu moja iliyo yake mwenyewe. Wewe useme unachokiona: "Naona mistari yako inafuata mgongo wa wimbi," au "Hapa umeacha nyeupe, kwa nini?" Neno "nzuri" halimsaidii mtoto kujua la kufanya kesho.

Hokusai na bahari yetu

Ukiwa huna pa kuanzia, anza na huyu. Katsushika Hokusai alizaliwa mwaka 1760, na picha ya wimbi la Kanagawa aliitoa mnamo 1831 akiwa na miaka kama sabini. Ilichapwa kwa mbao zilizochongwa: yeye alichora, wachongaji wakachonga mbao, wachapaji wakapaka rangi na kukandamiza karatasi. Picha yenyewe ni ndogo, kama sentimita 25 kwa 37, na watoto hushangaa kusikia hivyo kwa jinsi lile wimbi lilivyo kubwa.

Waulize: kipi kirefu zaidi, wimbi au mlima? Mlima ule ni Fuji, wenye mita 3,776. Hokusai ameufanya mdogo kuliko povu la wimbi kwa kuuweka mbali na chini, na wimbi akalileta mbele kabisa. Kwa swali hilo moja umeshafundisha umbali. Mtoto wa Mombasa huliona jambo hili kila anapotazama meli kubwa ya makontena ikiwa bado nje baharini, ndogo kama kiberiti, na mbele yake kuna mtumbwi unaoonekana mkubwa kuipita.

Mbinu ya pili ni kuacha nyeupe. Povu lile kwa sehemu kubwa ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila rangi. Watoto wengi wakitaka cheupe hutafuta rangi nyeupe, kwa hiyo siku hii usiwape kabisa. Wape buluu peke yake, kwenye makopo matatu: la kwanza nzito, la pili umeongeza maji, la tatu maji zaidi. Hokusai alitumia buluu ya Berlin, rangi iliyokuwa ikiletwa kutoka Ulaya. Sisi twaweza kutumia hata buluu ya kufulia kanzu, ukaikoroga na maji na tone la gundi nyeupe ili ishike karatasi. Wavae nguo kuukuu.

Zoezi liende hivi. Chora mgongo wa wimbi kwa mpigo mmoja, kama kulabu. Ndani yake piga mistari inayofuata ule mpindo, mipana chini, myembamba juu. Kwenye ncha, povu lichorwe kama vidole vilivyokunjwa, kimoja kikubwa kikizaa vidogo. Ndipo buluu nzito iingie kati ya mistari, nyepesi kandokando, na vidole viachwe.

Ikifika hatua ya tano, mimi hupenda kuwapeleka Mama Ngina wakati wa kusi, pale mawimbi yanapopiga mwamba na maji yakaruka juu. Tunakaa mbali na ukingo, tunanunua mihogo ya kukaanga, tunatazama mawimbi kumi bila kuchora. Tukirudi ndipo tunachora. Binti mmoja alichora feri ya Likoni, ndogo mno, chini ya wimbi lililojaa karatasi nzima. Nikamuuliza mbona feri imekuwa ndogo hivyo. Akasema, "Si mlima wake pia ulikuwa mdogo?" Mkono ulikuwa umeshahamia.

Hiroshige, Mjapani mwenzake, mfuateni msimu wa masika. Picha yake ya mvua ya ghafla darajani, ya mwaka 1857, ndiyo mojawapo ya zile mbili alizonakili Van Gogh. Mvua pale ni mistari myembamba iliyonyooka, imelala upande, mingine imelala kidogo zaidi. Penseli na rula, basi. Mtoto achore kwanza mtaa wake, kisha ajikaze kuupitishia mistari juu yake. Wengine hukataa wakiogopa kuharibu. Waanze na karatasi ya fotokopi.

Tingatinga: subira ya tabaka

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 kusini mwa Tanzania, upande wa Tunduru, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na mnamo 1968 akaanza kupaka picha kwa rangi za kung'aa zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao laini za dari. Alikufa mwaka 1972, akiwa amepaka kwa miaka minne hivi tu. Mtindo wake umeenea Afrika Mashariki yote kupitia wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi hao.

Watoto hudhani picha hizi ni rahisi. Waache wadhani hivyo mpaka waanze. Ugumu wake ni mpangilio wa tabaka: usuli kwanza, ukauke, mwili wa mnyama, ukauke, madoadoa na mistari mwisho. Anayeruka hatua hupata tope. Kwa hiyo somo hili huligawa siku tatu, au siku moja ya kaskazi ambapo jua la saa sita hukausha tabaka upesi mkiwa mnakula chakula cha mchana.

Rangi halisi za baiskeli zina harufu kali isiyofaa kuvutwa na watoto, tena hazitoki nguoni. Tumia rangi za poda juu ya kipande cha boksi kilichopakwa kwanza rangi nyeupe ya ukuta iliyobaki nyumbani.

La kutazama kwa makini kwenye kazi za Tingatinga ni jinsi mnyama anavyoijaza picha. Mgongo unakaribia ukingo wa juu, mkia unapinda kufuata kona, miguu inasimama karibu na ukingo wa chini. Hakuna nafasi iliyolala. Mwambie mtoto mnyama wake aguse, au akaribie kugusa, pande tatu za karatasi. Agizo hili dogo huponya ule ugonjwa wa kuchora kitu kimoja kidogo katikati ya karatasi kubwa tupu.

Madoa yapigwe kwa nyuma ya brashi au kwa njiti, kubwa kwanza, kisha dogo la rangi nyengine juu yake likishakauka.

Na simba usiwape. Simba wa Tingatinga wameshachorwa na wengi, mtoto atamnakili aliyemwona dukani. Wape kunguru. Kila mtoto wa Mombasa anamjua kunguru kwa vituko vyake, na swali la rangi ni zuri: ndege mweusi utampamba vipi? Watoke wakamtazame. Wataona ana kijivu shingoni, na jua likimpiga mgongoni kunatokea buluu na zambarau. Hapo ndipo madoa yanapopata kazi. Paka wa Mji wa Kale, punda, pweza nao wanafaa.

Wengine, kwa ufupi

Van Gogh ni kwa ajili ya mwelekeo wa brashi. Mbingu ya usiku aliyoipaka mwaka 1889 imejaa mipigo mifupi inayokwenda kama maji ya mkondo. Mtoto achore kwanza mishale midogo ya penseli kuonyesha upepo unakokwenda, ndipo afunike kila mshale kwa mpigo mmoja wa rangi. Rangi iwe nzito: koroga rangi ya poda na uji mzito wa unga wa ngano, na badala ya brashi mpe kipande cha kadibodi. Minazi ikipigwa na upepo ndiyo mazoezi yake ya nyumbani.

Matisse, mchoraji Mfaransa, wape wadogo, wa miaka minne hadi sita. Alipokuwa mzee na mgonjwa, asiyeweza kusimama muda mrefu mbele ya turubai, alikata maumbo kwenye karatasi ambazo wasaidizi wake walikuwa wamezipaka rangi kwanza. Konokono wake wa 1953 ana karibu mita tatu kila upande. Siku ya kwanza watoto wapake karatasi nzima nzima, rangi moja kila karatasi. Siku ya pili wakate bila kuchora kwanza. Siri ya mkasi ni kuuacha mkono wa mkasi mahali pamoja na kuizungusha karatasi. Ukimwonyesha mtoto hili mara moja, mikato yake hulainika. Jani la mpapai ni zuri la kuanzia. Vipande vilivyobaki visitupwe, mara nyingi tundu lililobaki huwa zuri kuliko jani.

Seurat, Mfaransa aliyepaka picha kwa nukta, ni kwa wenye subira ya miaka tisa kwenda juu, na kwa karatasi ndogo ya sentimita 8 kwa 8. Picha yake ya watu kando ya mto ilimchukua tangu 1884 hadi 1886, usimwambie mtoto aige upana huo. Nukta za njano na nyekundu zikiwekwa karibu karibu, simameni mbali mwone rangi ya machungwa ikitokea. Watoto hurudi nyuma na kuja mbele mara kumi. Waache.

Esther Mahlangu wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka 1935, alifundishwa na mama yake na bibi yake tangu ana miaka kumi, na hupaka mistari iliyonyooka kwa unyoya wa kuku, bila rula. Unyoya wa kuku haukosekani hapa. Osha, kausha, chovya, uvute polepole huku umezuia pumzi kidogo. Hili ni somo la mkono mtulivu, na watoto watundu hulipenda kwa namna ambayo sikuitarajia.

Mafundi ambao majina yao hayakuandikwa

Ningesikitika mtoto akijua Hokusai na asijue kusimama mbele ya mlango wa jirani. Milango ya nakshi ya Mji wa Kale ilichongwa na mafundi ambao hawakutia sahihi zao, na ni kazi ya kutazamwa kwa heshima ile ile.

Piga hodi kwanza. Wenye nyumba wamechoka na wageni wanaopiga picha na kuondoka. Ukibisha, ukasalimia, ukaeleza kuwa watoto wanajifunza, mara nyingi utaletewa maji ya kunywa. Watoto wakae upande wa pili wa kichochoro wasizibe njia. Waonyeshe miimo ya pande mbili, kizingiti cha juu, na mfaa, ule ubao uliosimama katikati. Wahesabu: ua hili limerudiwa mara ngapi? Mnyororo huu umeanzia wapi? Upande wa kulia na wa kushoto ni sawasawa kweli? Mara nyingi watakuta havilingani kabisa, kwa kuwa ni kazi ya mkono, na ugunduzi huo huwafurahisha mno.

Mbinu ya hapa ni ulinganifu. Kunja karatasi katikati, chora nusu ya nakshi kwa penseli 4B ukikandamiza, kunja tena, sugua nyuma kwa kijiko. Nusu ya pili itatokea hafifu, uikolezee. Kusugua krayoni juu ya mlango wenyewe kusiwepo, mbao zile ni kuukuu. Mkitaka kusugua, tumieni mkeka wa ukili au kifuniko cha kapu nyumbani.

Leso nayo ni darasa kamili la mpangilio. Itandaze sakafuni: kuna pindo inayozunguka, kuna mji katikati, na kuna jina lililoandikwa. Mtoto apange karatasi yake hivyo hivyo: kwanza pindo kwa kurudia umbo moja (hapa unyoya wa Mahlangu unarudi kazini), kisha mji, na jina alitunge yeye. Wawasomee bibi zao majina hayo wakirudi nyumbani.

Ikiwa jirani yako huwapamba mabibi harusi kwa hina na piko, mwalike kama mwalimu wa siku. Atawaonyesha mstari usioinuka mkono, unaoanzia katikati ya kiganja na kutoka nje. Watoto waweke mikono yao juu ya karatasi, wazungushe penseli, kisha waujaze mkono ule wa karatasi.

Na mkienda Fort Jesus, ngome ambayo Wareno waliijenga kuanzia 1593 hadi 1596, ulizeni ilipo michoro ya ukutani waliyoiacha: meli, samaki, watu, kwa nyeusi ya makaa na wekundu wa udongo. Haikuchorwa na mabingwa. Ni watu waliokuwa mbali na kwao wakichora walichokikumbuka, na kwa sababu hiyo watoto huisoma upesi kuliko picha nyingi maarufu. Mkirudi, wape vipande vya makaa na karatasi ya kaki, wachore chombo wanachokijua kwa kumbukumbu tu: tuktuk, jahazi, treni.

Mambo matatu ya mtu mzima kujizuia

Usichore kwenye karatasi ya mtoto, hata mstari mmoja wa kumsaidia. Ukitaka kuonyesha, chukua karatasi yako. Mstari wako hubaki pale ukimwambia kila akiutazama kuwa wake haukutosha.

Usiwashindanishe. Ukitoa zawadi ya picha bora, juma lijalo watoto wote watachora kama aliyeshinda.

Na usiharakishe kubadilisha fundi. Mimi hukaa na mmoja kwa majuma matatu au manne. Juma la kwanza watoto huiga, la pili huchoka, la tatu ndipo hutokea kitu ambacho si cha fundi wala si cha mtoto wa jana.

Kuhifadhi: kamba barazani na vibanio vya nguo vinatosha kwa maonyesho, lakini karatasi zitolewe kabla ya Magharibi, umande wa huku hulegeza gundi na kufanya rangi za maji zisambae. Nyuma ya kila kazi andika tarehe, jina la mtoto na jambo lililofundishwa siku hiyo. Weka kwenye boksi lililoinuliwa kutoka sakafuni kwa sababu ya mchwa, na kati ya kazi moja na nyengine tia gazeti. Karatasi za kuharibu nazo ziwekwe, kwenye boksi lake.